Tumbusi, Mfagiaji wa Nyika

Miongoni mwa ndege wote walao nyama hakuna anayedharauliwa kama tumbusi. Mwewe huogopwa na wenye vifaranga, kozi husifiwa kwa mbio zake, na tai huchorwa katika bendera na fedha za mataifa. Lakini tumbusi hutajwa kwa kuchekwa tu. Watu husema kwamba ni mchafu kwa kuwa hula mizoga, tena ni mbaya wa sura kwa kuwa kichwa chake ni upara. Wasemao hivyo hawajafikiri. Ndege huyu ndiye mfagiaji wa nyika, na ufagio ukivunjika, uchafu hubaki mlangoni kwa watu wenyewe. Nao ufagio huu sasa unavunjwa, tena si kwa bunduki wala kwa mshale, bali kwa sumu. Somo hili laeleza tumbusi ni ndege wa namna gani, nani amwuaye na kwa nini, na lipi liwezalo kufanywa ili aokoke.

1. Umbo lake na desturi zake

Watu wengi hutumia jina la tai kwa kila ndege mkubwa mwenye mdomo wa kupindika. Lakini tai na tumbusi si mamoja. Tai ana kucha zenye nguvu za kukamata na kuua. Tumbusi ana miguu dhaifu, ifaayo kutembea na kukanyaga tu, wala hawezi kunyakua kifaranga kama mwewe afanyavyo. Kwa hiyo karibu chakula chake chote ni mnyama aliyekwisha kufa.

Afrika Mashariki ina tumbusi wa namna mbalimbali. Yupo tumbusi wa mgongo mweupe, ajengaye kiota chake juu ya miti mirefu. Yupo tumbusi wa Rüppell, aitwaye hivyo kwa jina la Mjerumani Eduard Rüppell, aliyesafiri katika nchi za Afrika ya Kaskazini-Mashariki katika karne ya 19. Huyu huzaa katika majabali, kama yale ya milima ya Gol iliyo karibu na Serengeti. Yupo mwingine mkubwa, mwenye ngozi nyekundu iliyokunjamana kichwani na shingoni, ambaye mdomo wake huweza kupasua ngozi ngumu isiyopasuliwa na wenzake. Na yupo mdogo, mwenye mdomo mwembamba, adonoaye mabaki baada ya wakubwa kushiba.

Upara wa tumbusi si aibu, bali ni faida yake. Aingizapo shingo ndani ya mzoga, damu haigandi katika manyoya, kwa maana manyoya hayapo. Na akiisha kula, hupenda kwenda mtoni kuoga na kuanika mabawa yake juani. Basi yeye aitwaye mchafu hujisafisha kuliko wengi wanaomcheka.

Asubuhi tumbusi haruki mapema. Hungoja mpaka jua lipashe ardhi moto. Hewa ya moto ianzapo kupanda, naye hutandaza mabawa yake, ambayo kutoka ncha hata ncha hupita mita mbili, akachukuliwa juu kwa kuzunguka bila kuyapigapiga. Hivyo husafiri mbali sana na kuchoka kidogo. Mwaka 1973, juu ya nchi ya Ivory Coast, eropleni moja iligongana na tumbusi wa Rüppell ilipokuwa imepaa mita 11,300. Mlima Kilimanjaro una mita 5,895. Yaani ndege yule alikuwa juu karibu mara mbili ya kilele cha mlima ulio mrefu kuliko yote ya Afrika.

Kutoka huko juu hutafuta chakula kwa macho, wala si kwa pua. Tena hatazami ardhi peke yake, bali huwatazama na wenzake. Mmoja akiona mzoga na kushuka, jirani yake humwona akishuka, naye humfuata. Jirani wa jirani huona vilevile, mfano wa habari ipigwavyo kwa ngoma kutoka kijiji hata kijiji. Baada ya muda mfupi mahali palipokuwa hapana ndege hata mmoja hujaa makumi kwa makumi. Jambo hili halina budi kukumbukwa, kwa kuwa desturi iwapatiayo chakula ndiyo hiyo iwaleteayo mauti.

2. Kazi aliyopewa

Watu hudhani kwamba kila mnyama afaye nyikani ameuawa na simba au fisi. Sivyo. Katika Serengeti nyumbu na pundamilia wengi hufa kwa njaa, kwa maradhi, kwa uzee, au kwa kuzama mtoni wanapovuka. Wanyama hao huhamahama, na simba hawezi kuliacha eneo lake ili kuwafuata. Tumbusi aweza. Wataalamu waliochunguza nchi ile walikuta kwamba tumbusi hula nyama nyingi kuliko wanyama wote walao nyama wakijumlishwa pamoja. Kundi kubwa la tumbusi likikuta mzoga wa swala, halichukui saa nzima kuufanya mifupa mitupu.

Mzoga ulioachwa juani huoza, nao hujaa vijidudu vya maradhi. Lakini ndani ya tumbo la tumbusi mna asidi kali mno, iuayo vijidudu vingi ambavyo vingemwua mnyama mwingine. Hata mzoga wa mnyama aliyekufa kwa kimeta tumbusi huula naye asidhurike. Hivyo Muumba alimpa ndege huyu chombo cha kuyakomesha maradhi mahali pale yaanziapo.

Huko Laikipia, katika Kenya, wataalamu walifanya jaribio, na habari zake zikachapishwa mwaka 2012. Waliweka mizoga nyikani wakaangalia. Mahali ambapo tumbusi hawakufika, mizoga ilikaa karibu mara tatu ya muda wa kawaida kabla ya kwisha. Tena fisi na mbweha walikuja wengi zaidi, wakakaa muda mrefu zaidi, wakakutana na kugusana. Wanyama wagusanapo juu ya mzoga, huambukizana maradhi, na maradhi hayo huweza kufika kwa mbwa wa kijijini na kwa ng'ombe.

Yaliyotukia Bara Hindi ni onyo kubwa. Katika miaka ya 1990 tumbusi wa nchi ile, waliokuwa mamilioni, walianza kufa ghafula. Baada ya miaka michache, katika kila mia walisalia wachache wa kuhesabiwa kwa vidole. Mwaka 2004 sababu ilijulikana. Ng'ombe walikuwa wakipewa dawa ya kutuliza maumivu iitwayo diklofenaki, na tumbusi aliyekula mzoga wenye dawa hiyo alikufa kwa kuharibika figo. Hakuna aliyekusudia kuwaua. Mizoga ikabaki bila mlaji, mbwa wa mitaani wakaipata na kuongezeka mno, na kichaa cha mbwa kikaua watu maelfu kwa maelfu. Mwaka 2006 serikali ikakataza dawa hiyo kupewa wanyama. Lakini ndege waliopotea hawarudi kwa amri ya serikali.

3. Jinsi auawavyo

Katika Afrika sababu si dawa ya mifugo. Wataalamu walikusanya habari za vifo vya tumbusi kutoka nchi 26 za Afrika, wakaona ya kuwa kama vifo sita katika kila kumi vililetwa na sumu, na karibu vitatu katika kumi vililetwa na biashara ya viungo vyao. Basi wauaji ni wa namna tatu.

Wa kwanza ni mfugaji aliyekasirika. Usiku simba ameingia zizini akaua ng'ombe wa maziwa. Ng'ombe yule alikuwa chakula cha watoto, na karo ya shule, na mahari ya kijana. Hasira ya mfugaji ina sababu, wala haifai kuichezea. Jirani humshauri anyunyize sumu juu ya mzoga, simba akirudi afe. Hununua dukani dawa ya kuua wadudu wa mashambani, akaitia nyamani, akaenda kulala. Usiku ule pengine simba harudi kabisa. Kunapokucha, tumbusi mmoja huona mzoga kutoka juu, akashuka. Mwenzake humwona. Mwenzake wa mwenzake humwona naye. Kabla ya adhuhuri mahali pale pamejaa maiti za ndege wasiomkosea mfugaji hata mara moja. Na mara nyingi hufa pia tai, fisi, mbweha, na mbwa wake mwenyewe alindaye zizi.

Dawa iliyotumika sana kwa uovu huo ni karbofurani. Mwaka 2009, baada ya habari za mauaji haya kuenea, kampuni iliyoitengeneza iliacha kuiuza Kenya na nchi jirani, ikainunua tena ile iliyosalia madukani. Tendo hilo lilikuwa jema, lakini halikumaliza shida, kwa kuwa ziko sumu nyingine, na mwenye nia mbaya hakosi njia.

Wa pili ni jangili. Huyu humwua tembo kwa ajili ya pembe, naye huwachukia tumbusi kwa sababu ya pekee. Tumbusi wanaozunguka angani ni kama bendera iliyopandishwa juu ya maiti ya tembo. Askari wa wanyamapori huwaona kutoka mbali, wakafuata, wakamkuta mwizi. Kwa hiyo jangili huutia mzoga sumu, ili ndege wafe na mara nyingine asiwe na wa kumshuhudia. Mwezi wa Juni mwaka 2019, kaskazini mwa Botswana, tumbusi 537 na tai wawili walikutwa wamekufa karibu na mizoga ya tembo watatu iliyotiwa sumu. Tembo watatu waliuawa kwa pembe zao, na ndege zaidi ya 500 waliuawa kwa macho yao.

Wa tatu ni muuza viungo. Katika sehemu za Afrika ya Magharibi na ya Kusini wako watu waaminio kwamba kichwa cha tumbusi humpa mtu uwezo wa kuona mambo yajayo, au bahati katika mchezo wa kamari. Wenye kuuza hutumia sumu kuwapata wengi kwa mara moja. Mwaka 2020, katika nchi ya Guinea-Bissau, tumbusi wadogo wapatao 2,000 walikufa kwa sumu, na wengi walikutwa hawana vichwa. Tumbusi hakuiona sumu iliyokuwa mbele yake. Atawezaje kumwonyesha mtu mambo ya kesho?

4. Kwa nini hasara hii ni kubwa

Kuku hutaga mayai mengi, naye akipoteza vifaranga hutaga tena. Tumbusi wa mgongo mweupe na tumbusi wa Rüppell hutaga yai moja tu kwa mwaka. Baba na mama huliatamia kwa zamu kwa muda wa miezi miwili hivi, kisha humlisha mtoto wao kwa miezi kadha mpaka aweze kuruka. Mtoto huyo naye hukaa miaka mingi kabla ya kuzaa. Katika majira ya kuatamia, mmoja akifa kwa sumu, aliyebaki hawezi kulea peke yake, na kinda hufa kiotani. Basi asubuhi moja ya sumu huweza kufuta kazi ya miaka mingi.

Hesabu zahakikisha jambo hili. Wataalamu waliohesabu tumbusi wa Masai Mara walitangaza mwaka 2011 kwamba, katika muda wa miaka 30 hivi, walikuwa wamepungua kwa kadiri ya 62 katika kila mia. Mwaka 2015 Umoja wa Kimataifa wa Kuhifadhi Maumbile uliwaandika tumbusi wa mgongo mweupe, na wa Rüppell, na wa kichwa cheupe, na yule mdogo mla mabaki, katika daraja ya wanyama walio ukingoni kabisa mwa kutoweka duniani. Wote wanne huonekana Afrika Mashariki.

5. Sheria, na njia iliyo bora

Sheria zipo. Tanzania ina Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009, na Kenya ina yake ya mwaka 2013. Anayeua wanyama na ndege hao bila ruhusa huvunja sheria, tena huweza kufungwa. Lakini sheria haikai zizini usiku. Mfugaji asipopata njia ya kulinda ng'ombe wake, atairudia sumu. Kwa hiyo wamwokoao tumbusi ni lazima waanze kwa kumsaidia mfugaji.

Mfano mzuri ni wa kijana wa Kimasai, Richard Turere, wa Kitengela, karibu na Hifadhi ya Taifa ya Nairobi. Alikuwa na kazi ya kulinda ng'ombe wa baba yake, na asubuhi moja alikuta simba amemwua fahali wao. Kwanza alijaribu moto, lakini mwanga wake uliwasaidia simba kuona ndani ya zizi. Kisha akasimamisha sanamu ya mtu. Usiku wa kwanza simba walirudi nyuma, ila usiku wa pili walitambua kwamba mtu yule hajongei, wakaingia wakaua. Usiku mwingine akazunguka zizi akiwa na tochi mkononi, na simba hawakuja. Akafahamu ya kuwa simba huogopa mwanga unaotembea. Basi akatwaa betri kuukuu ya motokaa, na kifaa cha kumulikamulika cha pikipiki, na balbu za tochi zilizovunjika, na bamba la kupokea nguvu za jua. Akavifunga pamoja, taa zikawa zikiwaka na kuzimika kwa zamu kuzunguka zizi usiku kucha. Simba walidhani mtu yuko macho, kumbe yeye amelala kitandani. Wakati ule alikuwa na umri wa miaka 11 hivi. Majirani wakamwomba awatengenezee na wao, na mwaka 2013 alialikwa Marekani kuwaeleza watu habari hizo. Hakuua simba hata mmoja, wala tumbusi, na ng'ombe wakapona.

Ziko na njia nyingine. Katika Umasai wa Tanzania wako wafugaji waliojenga zizi kwa waya uliofungwa juu ya miti mibichi. Miti humea, na kila mwaka ukuta huzidi kuwa imara. Wengine huongeza mbwa na kuwarudisha ng'ombe mapema kabla ya giza. Tena katika Kenya sheria ya mwaka 2013 yaeleza habari ya kumlipa mtu ambaye mnyama wa porini amemharibia mali, na katika Tanzania yako malipo yaitwayo kifuta jasho. Malipo hayo pengine huchelewa, lakini anayetaka kuyadai ni lazima atoe taarifa mapema, wala asiharibu ushahidi kwa kuutia mzoga sumu.

Na sumu humrudia mwenyewe. Yaliyo juu ya mzoga huchukuliwa na mvua mpaka kisimani. Mbuzi hula majani yaliyonyunyiziwa. Mtoto huokota chembe zenye rangi nzuri akadhani ni peremende. Wazee walisema: Mchimba kisima huingia mwenyewe. Mfugaji atakaye kumwua simba mmoja pengine atazika mtu wa nyumbani mwake.

Mwanafunzi aonaye mzoga ulio na ndege wengi waliokufa karibu yake, au nzi waliokufa juu yake, yampasa afanye mambo manne. Kwanza, asiguse kitu chochote, wala asimwokote ndege hata kama yu hai, kwa maana sumu nyingine hupita katika ngozi. Pili, awazuie watoto wadogo na mbwa. Tatu, akimbie kuwaambia wazazi, mwalimu, au mkuu wa kijiji, ili askari wa wanyamapori waitwe upesi. Nne, akumbuke mahali na saa, apate kuwaongoza. Askari waliofundishwa huuchoma au huuzika mzoga ule ili wasije ndege wengine, na tumbusi aliyelewa sumu huweza kupona akipata tiba mapema. Dakika chache za mbio za mtoto zaweza kuokoa kundi zima lililo angani likishuka.

Tumbusi haombi ujira. Halimi shamba la mtu, haibi kuku wa mtu, wala hajamwua ndama aliye mzima ili ale. Kila siku hufagia nyika, na kazi yake haionekani kwa sababu ameifanya vema. Nchi itakayomwua itaijua kazi hiyo siku atakapokuwa hayupo, nayo italazimika kuifanya yenyewe kwa mikono yake.

Maswali

1. Eleza tofauti ya tai na tumbusi.
2. Kichwa kisicho na manyoya chamfaa nini tumbusi?
3. Tumbusi huonaje mzoga, na kwa nini desturi yake hiyo huifanya sumu iue wengi?
4. Wataalamu waliona nini Laikipia mahali ambapo tumbusi hawakufika?
5. Ni jambo gani lililowaua tumbusi wa Bara Hindi, na watu walipata hasara gani?
6. Kwa nini jangili humchukia tumbusi?
7. Richard Turere alijaribu njia gani kabla ya kufaulu, na kila njia ilimfundisha nini?
8. Mfugaji amepoteza ng'ombe wawili kwa simba, naye anataka kununua sumu. Andika maneno ambayo mwanawe, kwa adabu, angemwambia ili kumshauri vingine.